Chupa na Kizibo Chake

Rafiki yangu tuliyesoma naye Masasi ni mpishi katika meli ya watalii inayozunguka visiwa vya Karibiani. Kila anaporudi likizo, sanduku lake hunuka bandari za watu. Novemba iliyopita aliniletea chupa ya ramu ya Barbados na biri tatu za Jamhuri ya Dominika, zimelazwa ndani ya kasha la mbao mithili ya masultani watatu waliokufa siku moja. Tulikaa kibarazani kwangu, Shangani, Mtwara mjini. Kusi ilikuwa imekwisha, kaskazi haijashika, na joto lilikuwa limeukalia mji kama kuku anayeatamia.

Alinisimulia jinsi vitu hivyo vinavyonunuliwa. Meli hufunga gati asubuhi, abiria elfu kadhaa wanashuka, na kabla ya magharibi wote wawe wamerudi. Nje ya geti tu maduka yamejipanga. Kila duka lina meza ya kuonjea, na binti mwenye tabasamu la kazini anakumiminia ramu katika kikombe kisichozidi kizibo cha soda. Pembeni mzee anaviringisha majani ya tumbaku juu ya kibao, watu wanampiga picha, na yeye hainui macho. Chupa uliyonunua hunywi. Unaporudi melini wanaichukua, wanaiandika namba ya chumba chako, utaiona tena siku ya kumaliza safari. Ukiingia Marekani, forodha kwa kawaida inamruhusu mtu mzima lita moja bila ushuru.

“Melini wanakunywa tangu asubuhi, kaka,” aliniambia. “Pale bandarini wananunua ushahidi kwamba walifika.”

Kisha akanieleza shida yake. Jikoni kwao wamejiwekea desturi: anayetoka likizo hurudi na chupa ya kwao. Wajamaika wana ramu, Wafilipino wana zao. Yeye miaka yote hupeleka korosho, zinasifiwa, zinatafunwa, zinakwisha, hakuna aliyeuliza neno. Tena baa ya melini inazo korosho tele, na pakiti zake zimeandikwa kwamba zimetoka Vietnam. Aliwahi kumwambia mwenzake kwamba korosho ghafi za kusini mwa Tanzania hupakiwa Mtwara kwenda kubanguliwa India na Vietnam, kwa hiyo huenda ile anayotafuna ni ya shamba la mjomba wake. Mwenzake alicheka, akaongeza kiganja kingine.

Mwaka huo Mgoa mmoja wa jikoni humo ndiye aliyemvuruga. Alirudi na chupa ya feni, ina nembo, ina lakiri. Rafiki yangu akainusa kabla ya kuonja. “Nilimwona bibi,” alisema. Alimaanisha bibi mzaa mama, wa uwanda wa Newala, aliyemsomesha kwa maji ya mabibo.

Maana feni ni hiyo hiyo. Ni maji ya bibo, tunda la mkorosho, yaliyochacha, yakapikwa, mvuke wake ukakingwa. Sisi tunaiita nipa.

Mkorosho si mti wetu wa asili. Wareno waliutoa pwani ya Brazil katika karne ya 16, wakaupanda Goa, wakaupanda Msumbiji, na kutoka huko mti ukajitembelea wenyewe kwa miguu ya ndege, popo na watoto. Ukisikiliza vizuri utasikia njia yake masikioni. Wareno wanasema caju; Waswahili wa kaskazini wakasema kanju, na mti mkanju. Mtwara, maji ya bibo yaliyochacha bila kupikwa huitwa uraka. Kule Goa, pombe ya mpiko wa kwanza, kabla haijawa feni, huitwa urrak. Neno hilo kwa upande wao ni mjukuu wa araki ya Waarabu, na masikio yangu hayakubali kwamba uraka wetu ni mtoto wa kambo. Na nipa? Huko Asia ya Kusini-Mashariki kuna mnazi wa matopeni unaomea pamoja na mikoko, unaoitwa nipa, na watu hugema maji yake wakatengeneza kileo. Mti huo haupo Ruvuma, ingawa mikoko ya mlango wa mto ingeukaribisha. Jina tu ndilo lililofika, pengine limesafiri na mabaharia wa Wareno, likakuta tunda jingine likajitwika.

Kwa hiyo Mgoa na Mmakonde, waliokutana mbele ya jiko la meli karibu na Barbados, walikuwa ndugu wa bahari moja waliolazimika kwenda bahari nyingine ili watambuane. Tofauti yao ni nembo. Mwaka 2009 feni ya Goa iliandikishwa kisheria nchini India kama bidhaa ya mahali: hakuna wa nje ya Goa anayeruhusiwa kuuza chupa kwa jina hilo. Baadaye serikali ya jimbo ikaitangaza kuwa kinywaji cha urithi. Mgeni anayeshuka Goa anaikuta dukani, anaulizia bei, anapewa risiti.

Sisi tuna sheria ya Moshi ya mwaka 1966.

Jina zuri la sheria, hata kama halikukusudiwa. Moshi ndiyo pombe yenyewe, na moshi ndio unaomponza mpishi, kwani askari hafuati harufu tu, hutazama juu ya miti. Ukiisoma kwa haki, sheria ile haikuzaliwa na nia ya kufuta. Miaka hiyo serikali changa za Afrika Mashariki zote zilikuwa zinaumiza kichwa juu ya gongo. Uganda mwaka 1965 ilitunga sheria ya enguli: pika kwa leseni, uuzie kiwanda, kiwanda kisafishe. Humo ndimo Uganda Waragi ilimopatia chupa yake, na leo Mganda anayerudi kazini Uarabuni au Uingereza anajua cha kuweka sandukuni. Kenya ilikaa na chang’aa mafichoni hadi mwaka 2010 ndipo ikairuhusu kwa masharti ya kuipima na kuiweka chupani. Kwetu ikaja Konyagi, ambayo siisemi vibaya, nimeinywa. Lakini jina lake limekopwa Ufaransa, na pombe yenyewe kwa ukoo iko karibu zaidi na ramu ya Barbados kuliko na bibo la Newala, maana yote mawili ni mambo ya miwa.

Nasema haya nikijua ninachokisema. Sitaki mtu anisome akadhani natetea ulevi. Msimu wa mabibo nimewaona wanaume wenye mikorosho mia mbili wamelala chini yake saa nne asubuhi, na wake zao wakiokota korosho kuwazunguka kama watu wanaofagia kando ya jiwe. Gongo lililopikwa ovyo limepofusha watu na kuua. Majina yake ya utani, machozi ya simba, supu ya mawe, hayakutungwa na watu waliodhani wanakunywa maziwa. Ila Barbados nao, ramu ilipoanza, waliiita kwa Kiingereza chao “muua-shetani”, na haikuwa sifa. Ilikuwa takataka. Ukipika sukari inabaki molasi, uji mweusi usiouzika. Watumwa waliokuwa wakikata miwa na kupika sukari ndio walioujua uchachu wake mapema. Kiwanda kimoja cha kisiwani humo, Mount Gay, kina hati ya mwaka 1703 na hujivunia kila siku kwamba ndicho kikongwe. Mwaka 1703 mwenye shamba hakuwa mmiliki wa miwa tu. Miaka mia tatu baadaye taka ile imekuwa urithi, na waliotaabika wamekuwa picha ya kuvutia kwenye ukuta wa chumba cha kuonjea.

Bibo nalo ni taka. Mkulima huning’iniza roho yake kwenye kile kijikorosho kilichoota nje kama pua, na tunda lenyewe lililonona, jekundu au njano, lina uzito mara nane, kumi wa korosho, linaanguka na kuoza kesho yake. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna korosho zaidi ya tani 310,000. Fanya hesabu ya chini kabisa, mara nane: mabibo karibu tani milioni mbili na nusu yalilala chini ya miti, na nyuki tu ndio waliokuja kwenye mnada. (Mwaka uliofuata minada yenyewe ilikwama, rais akaagiza jeshi lizikusanye korosho kwa shilingi 3,300 kilo, lakini hata mwaka ule wa maajabu hakuna aliyetaja bibo.)

Basi tulitoka kutafuta chupa. Niyaite manunuzi ya bandarini, ingawa bandari yetu haina watalii. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa ile ya 1950 kwa ajili ya karanga za Nachingwea ambazo hazikustawi, reli ikafuata, karanga zikashindwa, reli ikang’olewa. Meli zinazokuja leo kwenye gati letu jipya la mita 300 huja kuchukua korosho, saruji, na siku hizi makaa ya mawe. Baharia wao akishuka hununua vocha na maji ya kunywa.

Sokoni tulipata korosho za kila namna: nyeupe, za kukaanga, za pilipili, nusu nusu, vipande. Muuzaji alipoulizwa kitu cha bibo alitutazama kama tumemwomba makapi. Mtu mwingine alitutajia mvinyo wa mabibo, na ni kweli, wataalamu wa utafiti pale Naliendele wamewafundisha akina mama kwa miaka mingi kutengeneza juisi, jamu na mvinyo. Tuliupata chupa mbili kwa mama mmoja. Ni mtamu, mpole, una rangi ya chai ya rangi. Rafiki yangu alionja, akashukuru, akarudisha glasi. “Huu umekwenda shule,” alisema nje.

Mikindani tulipita kwa ajili ya vinyago. Vinyago ndilo jambo moja lililotoka kusini na jina lake likatoka nalo. Wamakonde wa ng’ambo ya Ruvuma walivuka kuja kukata mkonge, wakachonga mpingo, na miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa akamletea mfanyabiashara Mohamed Peera, Dar es Salaam, umbo lisilofanana na mtu wala mnyama. Peera akalinunua, na mtindo wa shetani ukaanza safari yake duniani. Leo ukitamka Makonde kokote mtu anaona mpingo. Lakini soko lake kubwa liko Mwenge, Dar es Salaam, na tulichokikuta sisi kilikuwa simba, twiga, na kinyago kimoja kilichovaa miwani.

Nilitafuta mtete. Mtete ni kijikopo cha mwanzi au mti, mfuniko wake umechongwa kichwa cha mtu, wazee walitilia ugoro au dawa. Kwangu mimi hicho kingeweza kukaa meza moja na zile biri za Dominika: kipo chombo, ipo tumbaku, ipo sura ya mwenye nayo. Hakikuwepo. Mwaka 1906, vumbi la Majimaji halijatua vizuri, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akiwa na kamera na santuri, akinunua vitu vya watu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Mkusanyiko mzuri wa sanaa ya babu zetu uko Ujerumani. Huyo ndiye mtalii wetu wa kwanza mwenye sanduku, na alikuja na sanduku kubwa.

Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, sasa ni hoteli. Tulinunua soda pale, tukaitazama ghuba ambamo Livingstone alishukia mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho, baada ya mikoko ya mlango wa Ruvuma kumkatalia njia. Majahazi yaliyotoka ghuba hii yalibeba pembe na yalibeba watu. Barbados wangetutambua.

Siku ya tatu tuliacha adabu tukafuata njia ya Msimbati. Kijiji sikitaji, na mtakubali sababu yake. Upande mmoja wa barabara wana visima vya gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa 1982, na mtambo wa Madimba ambako linaanzia bomba la kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Watu wa hapa walilipinga bomba hilo hadi damu ikamwagika, mwaka 2013. Upande mwingine, ndani ya mikorosho, kulikuwa na bomba lenye urefu wa mkono wangu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Nyinyi ni watu wa serikali?”

“Hapana, bibi. Mimi ni mjukuu wa Newala,” rafiki yangu akasema, na akaendelea kwa Kimakonde.

“Watu wa serikali nao huvaa viatu hivyo hivyo,” alisema bibi, ila alisogeza kigoda.

Hakutuuzia kitu kwanza. Alitufundisha. Mabibo yanaokotwa asubuhi, yanayolowana na umande hayafai. Yanakamuliwa kwenye kinu, yale makapi yanapewa nguruwe wa jirani ambaye si mwislamu, naye bibi ni mwislamu na anaswali, jambo hilo tuliliacha kati yake na Mola wake. Maji yanakaa siku mbili, tatu, yanajichemsha bila moto, huo uraka. Unywe siku hiyo au uupike. Ukiupika, pipa linafunikwa kwa udongo, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa katika maji baridi, na upande wa pili kinadondoka kile kinachotafutwa. Matone ya mwanzo unamwaga. “Hayo ni ya shetani,” alisema, na mimi niliyepata kusoma kidogo juu ya sumu ya pombe nilijua kwamba anasema sayansi kwa lugha nzuri kuliko yangu. Kisha alidondosha kidogo kwenye kijiko, akawasha kiberiti. Mwali ulikuwa wa samawati, na mchana ule ulionekana kwa shida.

Tukaonja. Sijui niseme nini juu ya ladha ile bila kudanganya. Bibo bichi hukwaruza koo na kukausha ulimi, na kwenye nipa ukwaruzaji ule ulikuwa bado upo, umepanda juu kidogo, puani, pamoja na harufu ya tunda lililoachwa garini siku ya jua. Ramu ya Barbados ilikuwa imezeeka kwenye mapipa, ina adabu, inakuja taratibu. Hii haikuwa na subira na mtu. Rafiki yangu alifumba macho, na kwa muda nikamwacha alipo.

Polisi huiita pombe haramu, na shehe huiita haramu. Wanapishana kitabu tu. Bibi anaishi kati ya haramu hizo mbili na ada za wajukuu. Nilimuuliza, angependa iandikwe kwenye chupa, iwe na jina, iuzwe bandarini kwa wageni? Alifikiri. “Iandikwe jina la nani?” aliuliza. Nikamwambia la kijiji, au la Mtwara. “Basi wenye Mtwara watakuja kuipika wao,” alisema, akageukia moto wake.

Sikuwa na jibu, na bado sina. Feni ya Goa ina mahali pake kisheria. Sina hakika kwamba bibi wa Goa aliyekuwa anaipika uani bado yumo ndani ya chupa hiyo.

Chupa hatukuichukua. Pombe kali ya sandukuni kwenye ndege hutakiwa iwe chupa ya dukani, haijafunguliwa, na nguvu yake ijulikane kwa tarakimu. Nipa ya bibi ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, na nguvu yake ilijulikana kwa kiberiti. Zaidi ya hayo sheria ni sheria, na mpishi wa meli huishi kwa hati safi. Rafiki yangu aliondoka na kilo nne za korosho, kama kila mwaka. Uwanja wa ndege alinitumia ujumbe: “Nitawahadithia tu.” Nadhani Mgoa ataelewa, wengine watatafuna.

Ramu tuliimaliza kabla hajaondoka. Biri moja niliivuta nikajuta, mbili nilimpa mzee jirani anayezikata vipande na kuzisokota upya kwenye karatasi. Ikabaki chupa, nzito, ya kioo kinene, na nembo ya mashua na miwa. Nilikumbuka bibi akituambia kwamba shida yake si mabibo wala kuni, ni vyombo, watu wanaondoka na chupa zake hawarudi. Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Msimbati, nikampelekea.

Aliigeuza juani. Nembo hakuitazama. Aligonga kitako kwa ukucha, akasikiliza, akaridhika na unene wake.

“Kizibo chake kipo?”

Nilipapasa mfukoni. Nilikuwa nimekiacha mezani, Shangani. Bibi alichukua gunzi la muhindi, akalipunguza kwa kisu, akalizungusha mdomoni mwa chupa mpaka likakaa.

“Haya,” alisema. “Keti, maji ya leo hayajadondoka.”